Nimesanifu chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba kwa kompyuta, lakini ng'ombe yuko wapi ndani yake?

MwanafunziMoro (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni daktari wa mifugo kwa mafunzo na sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Tasnifu yangu inahusu usanifu wa chanjo dhidi ya Brucella abortus, bakteria anayeleta ugonjwa ambao wafugaji wetu huuita kwa jina lililonyooka, ugonjwa wa kutupa mimba. Naomba mnisaidie kufikiri kabla sijarudi kwa msimamizi wangu, kwa kuwa kikao cha mwisho kiliniacha njia panda.

Chanjo tulizo nazo zina umri mkubwa. S19 ilitokana na bakteria waliopatikana mwaka 1923 katika maziwa ya ng'ombe wa Jersey huko Marekani. Walisahauliwa maabara katika joto la kawaida kwa zaidi ya mwaka mmoja, na walipochunguzwa tena walikuwa wamepoteza ukali. RB51, iliyoanza kutumika rasmi Marekani mwaka 1996, ilipatikana kwa kuwaotesha bakteria mara nyingi mbele ya dawa za rifampisini na penisilini, hadi wakabaki bila ile minyororo ya sukari inayofunika ganda lao la nje. Zote mbili ni chanjo hai, zote zinaweza kumdhuru mtu aliyejichoma sindano kwa bahati mbaya, na zote zinaweza kuharibu mimba iwapo jike amechanjwa akiwa nayo. Nikajiambia kwamba bakteria ambaye jenomu yake, yenye besi (herufi za DNA) takriban milioni 3.3 na jeni zaidi ya 3,000, imekwisha kusomwa tangu mwaka 2005, hapaswi tena kutafutiwa chanjo kwa kubahatisha.

Nilianza na protini zake zote. Nikachuja zile zinazokaa kwenye utando wa nje au zinazotolewa nje ya seli, nikaziondoa zinazofanana na protini za mwenyeji, nikapima uwezo wa kuamsha kinga kwa programu ya VaxiJen na uwezekano wa kuleta mzio, kisha nikatabiri epitopi, yaani vipande vya protini ambavyo kinga huvitambua, za seli T na za seli B. Nilibakiwa na epitopi 14 kutoka protini za bakteria huyo ziitwazo Omp25, Omp31, Omp16, BP26 na kimeng'enya cha SOD. Nikaziunga kwa viunganishi vya kawaida vya GPGPG na AAY, mbele nikaweka protini ya L7/L12 iwe kichocheo cha kinga, nikajenga umbo lake na kulipachanisha kwa kompyuta na TLR4, kipokezi cha seli za kinga kinachohisi bakteria. Nilikusudia chanjo itolewe kama protini iliyosafishwa, kwa sindano. Matokeo yalipendeza kiasi kwamba nilitengeneza mchoro wa rangi kwa ajili ya ukurasa wa mbele.

Msimamizi wangu alisoma kimya hadi jedwali la mwisho, akaweka kidole. Jedwali hilo lilionyesha ni sehemu gani ya umma ambayo epitopi zangu zingeifaa, eneo kwa eneo, na mstari alioushika uliandikwa Afrika Mashariki. Akaniuliza, "Hawa wa Afrika Mashariki ni ng'ombe wa Boran au ni wakazi wa Nairobi?" Nilikuwa nimetumia aleli (matoleo ya jeni) za HLA, yaani za binadamu, kwa sababu makala nyingi nilizosoma zilifanya hivyo hivyo.

Maswali yangu ni mawili. Je, kuna sehemu ya kazi hii inayookoka, au nianze upya? Na je, kwa ugonjwa huu, kompyuta inaweza kweli kutufikisha kwenye chanjo kama ilivyotokea kwa homa ya uti wa mgongo?

Makrofeji

Ndugu MwanafunziMoro, msimamizi wako amekutendea wema, na usione haya, kwa maana kosa hilo limekwisha kuchapishwa mara nyingi na watu wenye vyeo kukuzidi.

Seli T haimwoni bakteria mzima wala protini nzima. Huona kipande kifupi cha protini, chenye amino asidi tisa hivi au zaidi kidogo, kikiwa kimeshikwa kwenye kiganja cha molekuli ya MHC juu ya seli nyingine. Kiganja hicho kina vishimo, na vishimo hutofautiana baina ya spishi na spishi, na ndani ya spishi moja hutofautiana baina ya mnyama na mnyama. Kwa binadamu molekuli hizo ni HLA. Kwa ng'ombe ni BoLA, ambazo jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 23. Kipande kinachotulia barabara kwenye kiganja cha mtu wa Nairobi kinaweza kudondoka kwenye kiganja cha ng'ombe, na kile ulichokitupa mwezi uliopita kwa sababu HLA ilikikataa huenda ndicho ng'ombe angekishika kwa nguvu zote. Kwa hiyo orodha ya epitopi za seli T usiirekebishe, ifute. Uchujaji wa protini ulioufanya kabla ya hapo hauhusiani na HLA, na huo unabaki.

Zana huna haja ya kuzibadili, badili unachoziuliza. NetMHCpan, programu inayotabiri ni vipande gani MHC itavishika, inapokea aleli za BoLA. Kwa MHC za daraja la pili, zinazoonyesha hasa vipande vya protini kutoka nje ya seli, kazi kubwa iko kwenye jeni ya DRB3, ambayo aleli zake zinazojulikana zimepita 300. Daraja la kwanza, linaloonyesha hasa vipande kutoka ndani ya seli kwa seli T za kuua, ni gumu zaidi, kwa sababu ng'ombe ana jeni sita zinazohusika na hakuna hata moja ambayo kila ng'ombe anaitumia. Huyu ana mbili, yule ana tatu, na si zile zile. Tena ujue kwamba vipimo vilivyoifundisha programu vimetoka kwa sehemu kubwa kwa ng'ombe wa Kizungu, hususan Holstein, ilhali mifugo unayoikusudia ni zebu, ng'ombe wenye nundu. Programu itakupa jibu kwa aleli yoyote utakayoitaja, kwa uhakika ule ule wa sauti, hata pale inapokisia kutoka mbali.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi. Mfano wa uti wa mgongo unatajwa kila mahali, na ni mfano wa kweli. Rino Rappuoli na wenzake walianzia kwenye jenomu ya meningokokasi wa kundi B, kompyuta ikawapa protini karibu 600 zenye dalili ya kukaa nje ya seli, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2000. Chanjo ya Bexsero ilikuja kuidhinishwa Ulaya mwaka 2013. Lakini angalia kilichotokea katikati. Walitengeneza protini 350 maabara, wakawachanja panya kwa moja moja, na kila mara walikuwa na kipimo cha kuamua, nacho ni kama damu ya panya aliyechanjwa inaweza kumuua bakteria katika kijaluba. Bakteria yule huishi nje ya seli, kingamwili zinamfikia, na kipimo kile kinalingana na kinga halisi ya mtu. Kompyuta ilipunguza msururu, kipimo ndicho kilichochagua.

Brucella anaishi kwingine. Akimezwa na makrofeji, seli ya kinga inayomeza vijidudu (naomba radhi kwa jina langu la humu jukwaani), hafi. Hutumia mtambo wake uitwao VirB kuhamia kwenye chumba anachokitengeneza ndani ya seli ile ile, na humo huzaliana. Kingamwili hazimfikii humo. Kinachohitajika ni seli T zinazotoa intaferoni gama, protini ya kupashana habari kati ya seli za kinga, na kuiamsha makrofeji iue kile ilichokimeza, na hapa hatuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kutuambia kwamba ng'ombe huyu hatatupa mimba. Ndiyo maana watu huishia kumchanja panya, kumwambukiza, na kuhesabu bakteria waliosalia kwenye wengu. Wengu wa panya si kondo la ng'ombe. Kondo la ng'ombe mwenye mimba lina sukari iitwayo erithritoli ambayo bakteria huyu anaipenda mno, na S19 ya zamani, ile iliyosahauliwa mezani, ilikuja kugunduliwa kwamba imepungukiwa na besi 702 katika jeni zinazoishughulikia sukari hiyo. Bahati ilifanya usanifu ambao programu zetu hazikuulizwa.

Neno la mwisho kuhusu muundo wako. Umeweka viunganishi vya AAY, maana yake umejumuisha epitopi za daraja la kwanza, lakini unakusudia kuitoa chanjo kama protini iliyosafishwa, kwa sindano. Protini inayoingia kutoka nje huonyeshwa zaidi na daraja la pili. Kama unazitaka kweli seli T za kuua, itakubidi utafute njia ya kuiingiza protini hiyo ndani ya seli, kwa DNA, kwa mRNA au kwa virusi vya kubebea, na uamuzi huo hutangulia orodha ya epitopi, haufuati.

Afisa wa Kata

Mimi si mtu wa kompyuta, na nusu ya aliyoyaandika Makrofeji nimeyasoma mara mbili. Nimekuwa nikichanja mifugo kwa muda mrefu, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Nimewahi kuitwa alfajiri kwenye boma ambako mtamba alikuwa ametupa mimba ya miezi saba. Nilipofika, kijana wa kuchunga alikuwa ameshamshika yule ndama aliyekufa kwa mguu wa nyuma, anamburura kwenda kumtupa korongoni, na mbwa wawili wanamfuata. Kondo la nyuma lilikuwa bado linaning'inia, na baba mwenye boma alikuwa amekwisha kujaribu kulivuta kwa mikono mitupu. Mimi nilivaa glovu ndefu za kufika begani. Wao walikuwa na maji ya ndoo moja, bila sabuni. Swali la kwanza nililoulizwa halikuhusu chanjo. Mama wa pale aliuliza kama maziwa ya ng'ombe huyo yanafaa kwa watoto.

Ninalotaka msanifu alishike ni hili: ng'ombe aliyetupa mimba mara moja mara nyingi hubeba mimba inayofuata hadi mwisho. Mfugaji husema amepona, na hapo ndipo anapomuuza au kumrudisha zizini kwa amani, wakati bakteria wanaendelea kutoka kwenye maziwa na kwenye uchafu wa uzazi. Chanjo inayozuia kutupa mimba lakini inaacha bakteria waendelee kutoka itamfurahisha mfugaji na kuwaacha watoto wa yule mama na homa inayopanda na kushuka, ambayo huku kwetu hutibiwa kama malaria wiki baada ya wiki.

Pili ni kipimo. S19 tunawapa ndama majike wa miezi mitatu hadi sita, mara moja. Akichanjwa akiwa mkubwa, kingamwili hukaa muda mrefu, na kipimo cha Rose Bengal, kinachotafuta kingamwili za ugonjwa huu kwenye damu, kikifanywa baadaye hugandisha vile vile kama kwa mgonjwa. Niliwahi kusimama mbele ya mfugaji mwenye majike kumi na moja yenye majibu chanya, hakuna kumbukumbu ya nani alichanjwa lini, na sikuwa na la kumwambia. Chanjo isiyochafua kipimo hicho ningeipokea kwa mikono miwili.

Tatu ni sisi wenyewe. Mwenzangu mmoja alijichoma sindano ya chanjo hai wakati ndama alipojirusha, akaugua. Kwa wanaotumia RB51 kuna jambo la kumweleza daktari mapema, kwamba bakteria wa chanjo hiyo hasikii rifampisini, nayo ni mojawapo ya dawa ambazo mgonjwa wa ugonjwa huu huandikiwa.

Lakini chanjo yako ya protini itahitaji dozi ngapi, ndugu yangu? Nikisikia mbili, nacheka kidogo. Kuwakusanya ng'ombe wa wafugaji wanaohama ni kazi ya mara moja. Ukirudi baada ya wiki nne utakuta boma tupu na majivu, wameshaelekea kwenye malisho.

Besi Nne

Nitaongeza mambo ambayo wenzangu hawakuyagusa, nikianzia na moja ambalo linanishangaza kwamba limepita hadi sasa.

Ndugu mleta mada, epitopi zako za Omp31 umezitoa wapi? B. abortus hana Omp31. Kipande cha jenomu chenye besi takriban 25,000, ambacho spishi nyingine za Brucella wanacho na ndani yake mna jeni hiyo, kwake hakimo. Nadhani ulichukua mfuatano wa protini kutoka kwa B. melitensis wa aina ya 16M, ambaye jenomu yake ilitangulia kuchapishwa mwaka 2002, kwa kuwa makala nyingi za usanifu huorodhesha Omp25 na Omp31 kama mapacha. Kwa mbuzi na kondoo ni chaguo la maana. Kwa bakteria uliyemwandika kwenye jina la tasnifu yako, unamfundisha ng'ombe kumtambua mgeni kwa kovu ambalo mgeni huyo hana. Atakayesema kwamba zizi letu lina ng'ombe na mbuzi pamoja, na kwamba ng'ombe naye huambukizwa melitensis, atakuwa amesema kweli. Basi liandike hilo kama kusudio, lisiingie kwa bahati mbaya.

Hilo lingeonekana kama ungelinganisha kila epitopi na jenomu za bakteria waliotoka kwa ng'ombe wa huku. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi iliyomtenga na kumweleza B. abortus wa baiova (aina ndogo) ya 3 kutoka kwa ng'ombe wa maziwa Tanzania. Jamii ya Brucella inafanana sana kijenetiki, kwa hiyo sitarajii tofauti kubwa kwenye Omp25 au Omp16, lakini kazi ya kulinganisha ni ya mchana mmoja, na msomaji atakuamini zaidi ukimwonyesha.

Kuhusu kupachanisha na TLR4, naomba niwe mkali kidogo. Ukimpa programu hiyo protini mbili zozote zenye ukubwa wa kutosha, itazigusanisha na kukupa namba hasi inayopendeza. Jaribu kumpa kiyai cha kuku (naam, albumini ya yai) na TLR4 hiyo hiyo, uone. Kama tokeo la chanjo yako halipishani sana na la yai, mchoro wa rangi hauna la kutuambia. Na kama TLR4 uliyotumia ni ile ya binadamu, basi ng'ombe amesahauliwa mara ya pili. Kipimo cha mzio ulichokifanya kimesahau mara ya tatu, kwa sababu programu hizo zimefundishwa kwa mizio ya watu.

Jambo moja la kukutia moyo. Kwa kuwa muundo wako ni protini tupu, usio na zile sukari za ganda la nje ambazo Rose Bengal inazitafuta, ng'ombe aliyechanjwa hatagandisha kipimo. Shida ya yale majike kumi na moja ya Afisa wa Kata haingetokea. Umelipata hilo bila kulitaja. Litaje, kwani ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote katika tasnifu yako.

MwanafunziMoro

Nimewasoma wote kwa shukrani, na kwa aibu kiasi. Omp31 ilitoka kwa 16M, kama alivyokisia Besi Nne. Sikuwahi kuitafuta ndani ya jenomu ya abortus kwa sababu jedwali la makala niliyoifuata lilikuwa na kichwa kisemacho Brucella tu.

Nimerudia utabiri kwa aleli za DRB3 ambazo zimeripotiwa kwa zebu, nikaacha daraja la kwanza kando kwa sasa. Kati ya epitopi 14 zimebaki tatu, mbili za Omp25 na moja ya BP26, na zimejitokeza nyingine tano ambazo mwanzo nilikuwa nimezitupa. Albumini ya yai nimeijaribu pia. Sitasema ilipata ngapi, ila mchoro wa rangi umeondoka kwenye ukurasa wa mbele.

Msimamizi amekubali nibadili mwelekeo: badala ya kuunda protini moja ndefu, nitaagiza vipande vichache vya peptidi, nivijaribu kwenye damu ya ng'ombe waliokwisha kuchanjwa S19, nione kama seli zao zinatoa intaferoni gama. Je, Makrofeji, hilo lina maana? Na Afisa wa Kata, ndama wa namna hiyo wanapatikana?

Makrofeji

Lina maana kuliko yote uliyoyaandika mwanzo. Uwe na kundi la ndama ambao hawajachanjwa kwa ajili ya kulinganisha, na pima aleli za DRB3 za kila mnyama unayemtoa damu, vinginevyo hutajua kama peptidi imeshindwa au kiganja ndicho hakikuwepo. Kumbuka pia kwamba ndama wadogo wana seli T nyingi za gama-delta, ambazo hazisubiri MHC na hazimo kwenye utabiri wako hata kidogo. Ukiona mwitikio usioeleweka, anzia hapo.

Afisa wa Kata

Wanapatikana. Mwezi ujao tunachanja ndama majike kwenye vijiji vitatu, na wale wa mwaka jana wana hereni masikioni, kwa hiyo safari hii nani alichanjwa tunajua. Njoo na barua ya kibali, mirija yenye heparini ya kutosha, na boksi lako mwenyewe la kuhifadhia, maana langu litakuwa limejaa chanjo. Na uje na viatu vya kukimbilia. Fahali wa boma la pili hapendi wageni.